Kuondoa Soketi Ukutani na Kuunga Nyaya Zake kwa Usalama

Soketi ya ukutani huondolewa kwa sababu nyingi. Pengine kabati jipya la jikoni limeiziba, mlango umehamishwa, au iliwekwa karibu mno na sinki tangu nyumba ilipojengwa. Kazi huonekana ndogo, kwa kuwa kinachoonekana ni kifuniko cha plastiki na skrubu mbili, lakini katika nyumba nyingi soketi hiyo ndiyo inayopokea umeme kutoka soketi iliyotangulia na kuupeleka kwenye soketi inayofuata. Ukiitoa, umeikata njia, na njia hiyo ni lazima iungwe tena. Mwongozo huu unakihusu kiungo hicho: namna ya kukiepuka inapowezekana, na namna ya kukitengeneza kisipoepukika.

Maelezo yanahusu mfumo uliozoeleka Tanzania na Kenya, yaani soketi za ampea 13 zenye matundu matatu ya mstatili, ambazo asili yake ni Uingereza, zikilishwa kwa nyaya za shaba za milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi la breka. Tanzania Bara, kazi za kufunga umeme hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, na Kenya mwenye leseni ya EPRA, ambazo ni mamlaka za kudhibiti nishati. Kwa hiyo mwenye nyumba asiye fundi asome maelezo haya ili ajue amwagize fundi afanye nini, na akague nini kabla ukuta haujafunikwa. Fundi kijana naye atapata hapa sababu za hatua ambazo huenda alifundishwa bila kuelezwa kwa nini.

Kwa nini kusokota na kuzungushia tepu hakutoshi

Njia inayotumika mno, na inayofaa kukomeshwa, ni ile ya kusokota ncha za shaba kwa plaizi, kuzizungushia tepu nyeusi, kuzisukuma ndani ya tundu na kupiga plasta juu yake. Siku ya kwanza kila kitu huwaka. Tatizo hukua polepole, kwa sababu shaba hupanuka ikipata moto na husinyaa ikipoa, na kila mara birika au pasi inapowashwa na kuzimwa mshiko wa ncha zile hulegea kidogo. Hewa huingia na shaba hupata kutu. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kutu hiyo huja mapema zaidi. Gundi ya tepu nayo hulainika kwa joto, na tepu huanza kufunguka yenyewe.

Fikiria kiungo kilicholegea hadi kikawa na ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, wa omu 0.1 tu. Kikipitisha ampea 13, joto linalozalishwa mahali hapo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani takribani wati 17. Kikipitisha ampea 20, ni wati 40. Joto hilo lote linakaa kwenye sehemu ya ukubwa wa ncha ya kidole, ndani ya ukuta, pasipo hewa ya kuipoza. Breka haitaanguka, kwa maana breka hupima wingi wa mkondo, na mkondo haujazidi. Kifaa kinachokata umeme unapovuja hakitaanguka pia, kwa sababu hakuna umeme unaovuja. Kiungo kibovu hakilindwi na kitu chochote kilichomo kwenye boksi la breka. Kinga yake ni mikono iliyokitengeneza.

Ukifungua kiungo cha namna hiyo baada ya miaka kadhaa, utaona ganda la plastiki limekuwa la kahawia na linavunjika likikunjwa, shaba imefanya weusi, na mara nyingi kuna harufu kali inayokaribia ya samaki. Dalili hizo zikionekana, usiunge juu yake. Kata hadi ufikie shaba inayong'aa na ganda laini, na kama waya haufiki tena, uvutwe mpya.

Vifaa

Tafuta multimita, yaani kipimo cha volti na ukinzani, iliyoandikwa CAT III (daraja la usalama kwa kupima nyaya za ndani ya jengo), bisibisi na plaizi zenye vishikio vya alama ya volti 1000, kifaa cha kuchunia waya, konekta (viunganishi vya kubania nyaya) zinazofaa, na kifuniko cha ukutani kisicho na matundu chenye ukubwa sawa na soketi inayoondolewa. Bisibisi ya tester yenye taa ndogo kwenye mpini isitegemewe kuamua kwamba waya hauna umeme. Taa hiyo huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwako, na inaweza kukosa kuwaka kwa sababu umevaa viatu vikavu, kwa sababu mwanga wa mchana umeizidi, au kwa sababu imeharibika. Tester inayokuambia uongo wa kwamba pako salama ni hatari kuliko kutokuwa na tester kabisa.

Konekta hustahili umakini zaidi kuliko vifaa vingine vyote. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 chukua konekta ya skrubu ya ampea 30, au ile ya kisasa yenye kilimi cha kufunga na kufungua, iliyoandikwa ukubwa wa waya na ampea ubavuni mwake. Konekta ndogo laini zinazouzwa kwa ajili ya taa hazifai kwa soketi. Angalia alama ya ubora ya TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, kwenye kifungashio, na jaribu kukaza skrubu moja dukani kabla ya kulipa. Ikiwa mkato wa skrubu unaharibika kwa bisibisi ya kawaida, konekta hiyo haitashika waya.

Kuzima umeme na kuthibitisha kwamba umezimika

Umeme kukatika mtaani hakumaanishi kwamba umezima. Uniti za LUKU, yaani mita ya kulipia umeme kabla, kuisha hakumaanishi hivyo pia, kwa kuwa mtu anaweza kuingiza tokeni akiwa sebuleni huku mkono wako uko ndani ya boksi la soketi. Kuzima ni kushusha breka ya soketi pamoja na mein swichi. Zote mbili zishushwe, maana maboksi mengi ya breka hayana maandishi, au yana maandishi ambayo si ya kweli, na zipo nyumba ambamo waya wa nyutro (unaorudisha umeme) wa sakiti moja, yaani njia moja ya umeme inayoanzia kwenye breka yake, umeazimwa na sakiti nyingine. Kama kuna jenereta, inveta ya betri au sola inayolisha nyumba, nayo izimwe na kutenganishwa, kwa sababu vifaa hivyo vinaweza kuingia kazini vyenyewe pale tu umeme wa gridi unapopotea, na wewe ndiye uliyeupoteza.

Uthibitisho hufanyika kwa mpangilio huu, kifuniko cha soketi kikiwa bado mahali pake. Kwanza pima soketi hiyo ikiwa na umeme, uone multimita inasoma karibu volti 230. Pili, zima breka ya sakiti hiyo na mein swichi, kisha pima kati ya waya wa moto na nyutro, kati ya waya wa moto na ethi (waya wa ardhini), na kati ya nyutro na ethi. Vipimo vyote vitatu visome sifuri. Tatu, rudisha mein swichi peke yake, pima soketi nyingine iliyo hai ili kuhakikisha kwamba multimita haijaharibika katikati ya kazi, kisha zima tena. Hatua hii ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayotofautisha waya usio na umeme na multimita isiyo na betri.

Bandika tepu juu ya swichi iliyoshushwa, weka karatasi yenye maandishi makubwa kwamba kuna mtu anafanya kazi, na waambie wote waliomo ndani, watoto na wageni wakiwemo. Chomoa vifaa vyote kwenye soketi za sakiti hiyo. Ukishafungua kifuniko, pima tena kwenye skrubu za nyuma ya soketi kabla ya kugusa shaba.

Kusoma kilichomo ndani ya boksi

Piga picha ya nyaya kabla hujazilegeza. Rangi za zamani ni nyekundu kwa waya wa moto na nyeusi kwa nyutro. Rangi za sasa ni kahawia kwa waya wa moto na buluu kwa nyutro. Ethi ni kijani yenye mstari wa njano. Nyumba iliyoongezewa vyumba kwa awamu huweza kuwa na rangi zote hizo ndani ya boksi moja, na mara nyingine fundi alitumia rangi aliyokuwa nayo siku ile. Kwa hiyo rangi ikupe dhana, na kipimo ndicho kiamue.

Hesabu nyaya za moto. Ukikuta mmoja tu, soketi hiyo ni ya mwisho, ama kwenye tawi ama kwenye mnyororo wa soketi. Ukikuta mbili, umeme unaingia na kutoka. Ukikuta tatu, kuna tawi linaloanzia hapo, na kabla ya kuendelea ni lazima ujue linalisha nini.

Zikiwa mbili, kuna jambo moja zaidi la kujua: kama sakiti ni mnyororo, unaoanzia kwenye breka na kuishia soketi ya mwisho, au ni pete, inayotoka kwenye breka, kuzunguka soketi zote, na kurudi kwenye breka ile ile. Tenganisha nyaya mbili za moto, weka multimita kwenye kipimo cha omu, na upime kati yake. Ikisoma chini ya omu moja hivi, ni pete. Ikionyesha kwamba hakuna njia, ni mnyororo. Rudia kipimo hicho kwa nyutro. Kama nyaya za moto zinaonyesha pete lakini za nyutro hazionyeshi, pete hiyo imeshakatika mahali pengine, na hitilafu hiyo itafutwe kabla ya kuongeza kiungo kipya.

Ninasisitiza kipimo hiki kwa sababu makosa ya kwenye pete hayajitangazi. Katika mnyororo, ukisahau kuunga waya wa moto au nyutro, soketi zinazofuata hazina umeme na utajua mara moja. Katika pete, kila upande unalishwa kutoka kwenye breka, hivyo soketi zote zitaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini pete kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 32, ilhali waya wa milimita za mraba 2.5 ukiwa peke yake huhimili hadi ampea 27 ukiwa umepita mahali penye nafasi ya kupoa, na pungufu ya hapo ukiwa ndani ya paipu au ukuta unaohifadhi joto. Pete ikikatika, mzigo wote wa upande mmoja hupita kwenye waya mmoja ambao breka haimudu kuulinda. Ethi nayo haitoi taarifa ikikatika: friji itagandisha na runinga itawaka, hadi siku kifaa chenye mwili wa chuma kitakapopata hitilafu na mtu akakigusa.

Kuamua njia, kabla ya kushika plaizi

Kiungo salama kuliko vyote ni kile ambacho hakipo. Nyumba zetu nyingi za matofali hupitisha nyaya moja moja ndani ya paipu za plastiki zilizochimbiwa ukutani, na hii ni faida kubwa ambayo haitumiwi ipasavyo. Kama soketi ni ya mwisho, nenda kwenye soketi inayoilisha, fungua nyaya tatu zinazoelekea huku, na uzivute zitoke kabisa. Hapo hakuna kiungo wala waya wenye umeme uliobaki ukutani, na boksi likishakuwa tupu unaweza kuliziba kwa plasta bila wasiwasi.

Kama soketi iko katikati, fundi anaweza kutumia nyaya za zamani kuvutia mpya, nzima na zisizo na maungio, kutoka soketi iliyotangulia hadi inayofuata, zikipita tu ndani ya boksi linaloachwa. Nyaya za mita chache zina gharama, lakini ni ndogo kuliko ya kuvunja ukuta baadaye. Iwapo paipu imebonyea, ina kona nyingi, au nyaya zimekwama kwenye saruji, usizivute kwa nguvu hadi maganda yachubuke. Hapo ndipo kiungo kinapokuwa halali.

Kiungo hicho kikae ndani ya boksi lile lile, na boksi lifunikwe kwa kifuniko kinachoonekana na kinachofunguka. Wenye nyumba wengi hawapendi sharti hili, kwa kuwa walitaka ukuta ulio wazi, na kuna sababu mbili za kutolilegeza. Kwanza, skrubu huhitaji kukaguliwa na kukazwa, na kisichofikika hakikaguliwi. Pili, mtu anayetoboa ukuta ili kutundika pazia au runinga hukisia njia ya nyaya kwa kuangalia soketi na swichi zilipo, akijua kwamba nyaya kwa kawaida hupanda wima au hukata mlalo kutoka hapo. Ukificha boksi na kuacha nyaya zenye umeme, umeondoa alama pekee inayomlinda anayeshika drili. Kifuniko cheupe kinaweza kupakwa rangi ya ukuta kikawa hakisumbui macho, mradi skrubu zake zisizibwe.

Kutengeneza kiungo

Legeza skrubu za soketi na utoe nyaya moja moja. Nyoosha ncha, na ukikuta shaba imejeruhiwa na skrubu ya zamani, ikate na uchune upya. Katika konekta ya kilimi, urefu wa kuchuna huandikwa kwenye konekta yenyewe, na kwa aina nyingi huwa karibu milimita 11. Katika konekta ya skrubu, chuna kiasi cha kujaza nusu ya njia ya ndani, ili ncha mbili zinazoingia kutoka pande zote zikutane katikati, kila moja chini ya skrubu yake. Skrubu ibane shaba, isibane ganda, na shaba tupu isionekane nje. Unapochuna kwa kisu ni rahisi kuacha mkwaruzo mwembamba kuzunguka shaba, na waya wenye mkwaruzo huo hukatika ukikunjwa. Ndiyo maana kifaa cha kuchunia ni bora.

Anza na ethi, kisha nyutro, kisha waya wa moto. Ethi huhitaji njia tatu pale boksi linapokuwa la chuma: mbili ni za sakiti, na ya tatu ni waya mfupi wa kijani na njano unaokwenda kwenye skrubu ya ethi ya boksi lenyewe. Wengi huunga mbili na kuliacha boksi bila ethi, na waya ukilegea humo ndani, boksi zima pamoja na skrubu za kifuniko huwa na umeme. Kama ethi inayokuja haina ganda, ivishe mpira wa kijani na njano. Ikiwa kulikuwa na nyaya tatu za moto, zote tatu ziingie kwenye konekta moja yenye matundu ya kutosha, na vivyo hivyo kwa nyutro na ethi. Nyaya mbili zisisongwe kwenye tundu lililokusudiwa mmoja.

Baada ya kukaza, shika kila waya na uuvute kwa nguvu ya mkono, mmoja mmoja. Ukicheza hata kidogo, fungua na uanze upya. Kisha kaza skrubu mara ya pili, kwa kuwa shaba hukaa vizuri baada ya kubanwa mara ya kwanza na skrubu hupata nafasi ya kuingia zaidi. Kunja nyaya taratibu kuelekea nyuma ya boksi kwa mikunjo mipana, na uhakikishe hakuna waya uliopita mbele ya tundu la skrubu ya kifuniko, kwani skrubu hiyo huweza kupenya ganda bila wewe kujua. Kama boksi ni fupi na nyaya hazikai bila kulazimishwa, tumia kifuniko chenye kina. Kifuniko cha chuma nacho kiwe na ethi yake.

Kupima kabla na baada ya kurudisha umeme

Umeme ukiwa bado umezimwa, pima ethi kati ya soketi iliyotangulia na inayofuata, ukitumia waya mrefu wa ziada ikibidi, na usomaji uwe wa sehemu ndogo ya omu. Fanya hivyo pia kwa nyutro na kwa waya wa moto. Kwa pete, kipimo sahihi hufanyika kwenye boksi la breka, ambako fundi hutenganisha ncha mbili za kila waya na kuthibitisha kwamba njia imekamilika kutoka ncha hadi ncha. Kipimo hicho kifanyike hata kama kila kitu kinaonekana sawa, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Fundi mwenye kipimo cha maganda cha volti 500 apime pia kati ya waya wa moto, nyutro na ethi, vifaa vyote vikiwa vimechomolewa. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, na nyaya nzuri husoma juu ya hapo sana. Usomaji mdogo unamaanisha kwamba kuna waya uliobanwa au unyevu ndani ya paipu.

Rudisha umeme, bonyeza kitufe cha majaribio cha kifaa kinachokata umeme unapovuja, uone kinaanguka, kisha kirudishe. Pima volti kwenye soketi zote za sakiti, si ile ya jirani tu. Mwisho, chomeka birika la maji au pasi kwenye soketi inayofuata kiungo, iache itumike kwa takribani nusu saa, na uguse kifuniko kipya kwa nyuma ya vidole. Kinapaswa kuwa na joto sawa na ukuta. Kama kina uvuguvugu, zima na ufungue, hata kama kila skrubu ilikazwa mbele ya macho yako.

Kabla ya kufunga kwa mara ya mwisho, andika kwa kalamu isiyofutika, upande wa ndani wa kifuniko, tarehe ya kazi, breka inayohusika, na soketi mbili zilizounganishwa hapo. Andika hivyo hivyo kwenye mlango wa boksi la breka, na ile picha uliyopiga mwanzoni itunzwe pamoja na nyaraka za nyumba.